Shimo Jeupe la Mwalubungo

Hilux nyeupe ilivuka makutano ya Usagara bila kupunguza mwendo, ikamkosakosa mama mwenye ndoo ya nyanya, ikaishika barabara ya Mwanza.

Sekunde nne baadaye ikapita Boxer nyekundu.

Aliyeiendesha alivaa kizibao cha bodaboda kilichochanika begani na helmeti ya kuazima. Nani angemdhania? Ndani ya kizibao ilifichwa Glock 19. Mgongoni, kwenye begi la mtumba, kulikuwa na bastola ya pili, ila hii haiui mtu. Ni mashine ya mionzi. Unaielekeza kwenye udongo, unabana kitufe, na ndani ya dakika moja inakutajia sumu iliyomo na kiasi chake.

"Gogogo, Gogogo." Sauti ilikwaruza sikioni.

"Nakupata."

"Unawaona?"

"Niko mkiani mwao."

"Usimguse dereva. Mfuate tu. Tunataka kujua anasimama wapi."

Gogogo ni samaki wa ziwani mwenye miiba mitatu. Asiyemjua humshika kwa papara, kisha akashinda analia na mkono wake. Jina hilo Teodora Shimba alipewa na mkuu wake, Nathaniel, miaka kumi na mmoja iliyopita, siku alipoapa kuitumikia Idara ya usalama. Kwao walijua anauza bima.

Msomaji atauliza, ndani ya Hilux kulikuwa na nini, dhahabu? Pembe za ndovu? Thubutu! Kulikuwa na udongo. Mifuko kumi na miwili ya udongo na sita ya matembele na mchicha, yote ndani ya boksi la barafu, yote imefungwa kwa lakiri za plastiki zenye namba. Vyote vilichukuliwa asubuhi hiyo ya Jumatano kwenye mashamba ya Mwalubungo, pembeni ya mgodi uliofungwa miaka saba nyuma.

Kampuni ya Halvord ilichimba dhahabu hapo mpaka ilipokauka, ikafungasha, ikaondoka. Ikaacha shimo na mlima wa marudio, ule unga wa mawe uliokwisha kunyonywa dhahabu. Mvua ikinyesha, unga ule unateremka mashambani. Watu wakalima humohumo, wakakausha michembe ya viazi humohumo, ng'ombe wakanywa humohumo. Ng'ombe walipoanza kufa, Serikali ikawahamisha watu na kumwambia Halvord asafishe ardhi yote.

Kusafisha ni kazi. Kubadilisha mifuko ni dakika kumi.

Ijumaa saa nne asubuhi kamati ya Serikali ingekaa Nyamagana kusikiliza majibu ya maabara. Yakisoma "safi", Halvord anapewa hati, anaosha mikono, na familia sitini na tatu zinarudishwa shambani msimu huohuo.

Mojawapo ilikuwa ya Queen, mdogo wake Teodora, tumbo lake tayari la miezi saba. Mimba mbili za kwanza za Queen zilishika Mwalubungo na zote mbili zilitoka, ya kwanza ikiwa na miezi mitano, ya pili sita. Wakwe wakasema binti wa Shimba kaja na mkosi. Hii ya tatu ilishika baada ya kuhamia chumba cha kupanga Buhongwa, na Teodora alikuwa ameapa moyoni kwamba haitarudi kule ikiwa yeye angali hai.

Kwa hiyo hii haikuwa kazi ya Idara peke yake. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na jina la mtoto ambaye hajazaliwa.

Buhongwa, Hilux ikakata kushoto, ikazama nyuma ya mashine ya kusaga iliyofungwa.

Teodora akaitupa pikipiki kwenye kijiwe, akapita kwa miguu, akachungulia kwenye tundu la bati. Kifungo cha pili cha shati lake kilikuwa kamera.

Dereva, mtaalamu kijana wa sampuli aitwaye Elias, alikuwa anatetemeka. Aliyempokea hakutetemeka. Huyo ni Shigela, zamani mkuu wa walinzi mgodini, sasa mtu wa mkono wa Bwana Pruitt, mwakilishi wa Halvord. Alikata lakiri kwa koleo, akamwaga udongo wa Mwalubungo ndani ya viroba viwili. Kisha akachota udongo mwingine, mweupe, laini, kutoka kwenye gunia la katani, akauchanganya na majivu kidogo ili rangi isimsaliti, akajaza mifuko upya. Mboga nazo akazitupia kwenye viroba, akaweka fungu la sokoni. Akatoa lakiri mpya mfukoni. Namba zilezile.

"Bosi kaniambia maabara hawatajua," Elias alisema.

"Watajuaje? Peleka mzigo, dogo. Funga mdomo, fungua macho."

Hilux ikaondoka kwenda maabara. Shigela akabeba viroba viwili na lile gunia, akavipakia kwenye Probox ya kijivu, akaelekea ziwani.

"Mzee, wamebadilisha," Teodora alinong'ona. "Sampuli halisi zipo kwenye Probox."

"Zilete. Kibali cha kuchukua sampuli kilituchukua miezi mitano. Hatupati kingine kabla ya Ijumaa."

Barabara ya Luchelele ni vumbi na mawe. Shigela aliiona Boxer kwenye kioo, akakanyaga mafuta. Probox ikarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Teodora akachomoa Glock kwa mkono mmoja.

Risasi moja tu.

Tairi la nyuma likapasuka, gari likayumba, likajibamiza kwenye jabali hatua ishirini kutoka majini. Shigela alikuwa mtu wa miaka hamsini lakini alitoka kama kijana, viroba viwili mabegani, akapanda mwamba.

"Simama!"

Hakusimama. Aligeuza kiroba cha kwanza, akakitikisa juu ya maji. Teodora akaruka, akamdaka miguu, wakaanguka pamoja. Kiwiko cha Shigela kikampata mdomoni, akaonja damu. Naye akamlipa kwa goti la mbavu. Lakini kiroba cha pili kilikuwa kimekwisha kuteleza. Kilipasukia majini, na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, kisha wimbi likaja, likasafisha.

Kwisha.

Shigela alilala kifudifudi, pingu mikononi, anacheka na kukohoa.

"Haya, nenda kawaite sato watoe ushahidi."

Teodora akatema damu, akabonyeza sikio. "Mzee, zimeingia ziwani. Zote."

"Una picha?"

"Ninazo."

"Picha ya watu wanamwaga udongo. Wakili wa Pruitt atasema walikuwa wanapanda maua. Na Ijumaa jioni Pruitt anapanda ndege."

Ndiyo hivyo. Miaka kumi na mmoja ya kazi, na kinachomshinda mtu ni udongo! Alikaa juu ya jiwe, akaangalia buti ya Probox iliyofunguka. Lile gunia la katani lilikuwa limebaki humo, nusu. Udongo safi wa wahuni. Akaichomoa ile mashine, akailenga kwenye gunia, si kwa matumaini, ila kwa sababu mkono ulitaka kufanya kitu.

Pii.

Akasoma. Akapangusa kioo kwa shati, akapima tena. Akapima mara ya tatu.

Aseniki, miligramu mia sita na arobaini kwa kilo. Shamba la kawaida halifiki ishirini. Madini ya risasi nayo yalikuwa juu. Aseniki ndiyo sumu waliyokuwa wakitegea panya zamani, na imejaa kwenye gunia lililoletwa ili lionekane safi!

"Shigela. Huu udongo mmeutoa wapi?"

"Sokoni."

"Usinitanie, nitakutumbukiza humo."

"Sokoni Buhongwa, wallahi, kwa Mama Precious! Ni pemba hiyo." Shigela aliinua uso, akashangaa kwamba mwanamke mzima anauliza. "Udongo wa wajawazito. Pruitt alisema nitafute udongo safi kuliko wote. Nikajisemea, upi safi kuliko ule ambao mama mwenye mimba anautia mdomoni? Mke wangu kaula kwa watoto wanane."

Pemba. Vile vipande vyeupe vinavyouzwa kwenye kila meza ya dagaa na nyanya, vimekaushwa juani, vinanukia mvua ya kwanza. Mwenye mimba akichefuka anavunja kipande, anatafuna, moyo unatulia. Chumbani kwa Queen kilikuwepo kikopo kizima juu ya friji. Na aliyekuwa akimpelekea, kila Jumapili, ni dada yake mwenyewe.

Akaegemea gari. Kisha akamfungia Shigela ndani ya Probox, akageuza pikipiki kurudi Buhongwa.

Mama Precious alikutwa nyuma ya meza yake, kanga kichwani, anapanga mafungu ya pemba kwa upole, kama anayepanga mayai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umeanguka na pikipiki? Mdomo huo!"

"Kidogo tu, mama. Hii pemba nzuri. Mnaitoa wapi siku hizi?"

"Mwalubungo, kwenye shimo la wazungu. Uzio ulishaibiwa wote, tunaingia tu. Ukuta wa kule ndani ni mweupe, laini, hauna hata chembe ya mchanga. Ile ya zamani ya mtoni ilikuwa inasaga meno." Alicheka. "Walau mzungu katuachia kitu."

Teodora akanunua meza nzima.

"Ee! Mapacha hao?" Mama Precious alipiga makofi. "Wabeja, asante! Karibu tena Jumatatu, tunakwenda kuchimba mzigo mpya."

Akiwa nyuma ya ukuta wa choo cha soko, alimweleza Nathaniel kila kitu. Mkuu wake akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu mzima asiyefurahi.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe. Waache wapeleke. Waache maabara wapime. Elias ameshafikisha?"

"Ameshafikisha."

"Basi Shigela tutamfungia mahali, simu yake itamwambia Pruitt kila kitu kimekwenda sawa. Na wewe, Gogogo, sikiliza. Neno pemba lisikutoke mpaka kamati ikae. Kwa mtu yeyote. Likivuma sokoni leo, Pruitt anaruka kesho."

"Mzee, wanawake wanakula hii kitu hivi sasa."

"Siku mbili. Ukitaka kumkamata, siku mbili."

Akakubali. Hilo ndilo lililomkereketa baadaye, kwamba alikubali, tena haraka, kama askari.

Alimpigia Queen.

"Ile pemba iliyo juu ya friji. Acha kula. Itoe ndani leo hii."

"Kwa nini? Ndiyo inayonikalisha chakula tumboni!"

"Usiniulize. Nakuomba, mdogo wangu. Itoe tu. Na kesho nenda kliniki, waambie wakutoe damu wapime sumu ya madini. Sema dada yako kasema."

"Wewe na bima zako. Haya, nitaitoa."

Ijumaa, saa nne. Ukumbi mmoja wa mikutano pale Nyamagana ulijaa. Bwana Pruitt alikaa mbele, suti ya kijivu, begi la safari chini ya kiti. Kiswahili alikijua vizuri, ila kwa kawaida alikitumia kuwatukania wapishi. Nyuma yake Elias alikuwa anajifuta jasho. Mhudumu wa chai, mwanamke mwenye jeraha bichi mdomoni, alipita na chupa ya chai, akammiminia kila mtu.

Mkemia wa maabara, Faith Aloo, mtu wa Mara asiyejua kuzungusha maneno, alisimama na karatasi.

"Mboga ni safi," alisoma.

Pruitt akatabasamu, akachukua kikombe.

"Udongo ni sumu. Mifuko yote kumi na miwili. Aseniki zaidi ya mia sita. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, sijaona udongo kama huu." Akavua miwani. "Tena sielewi. Mimea hunyonya kilichomo ardhini, hasa majani ya viazi. Mboga iote kwenye udongo huu halafu itoke safi? Haiwezekani. Sielewi kabisa."

Kikombe kilitua kwenye sahani kwa kishindo.

"Huo ni uongo!" Pruitt alisimama, shingo nyekundu. "Hayo si majibu yake! Huo si udongo wa mgodi!"

Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, akainua karatasi machoni. "Umejuaje, Bwana Pruitt? Lakiri zimefika nzima. Hapa pana saini yako, umeshuhudia kwamba zimefika nzima."

"Mimi nilimwambia!" Elias alilipuka, machozi yakamtoka palepale. "Nilimwambia Shigela tuache! Sampuli zimebadilishiwa Buhongwa, kwenye mashine ya kusaga, mimi nilikuwepo!"

Pruitt akalivuta begi lake, akageukia mlango. Mlangoni alisimama mhudumu wa chai. Chupa ilikuwa imekwisha kutua mezani. Mkononi alikuwa na Glock.

"Kaa chini, Bwana. Chai yako inapoa."

"Wewe ni nani?"

"Nakurekebisha kidogo. Huo udongo ni wa mgodi. Watu wako waliununua sokoni wakidhani safi, lakini umechimbwa ndani ya shimo lako. Umesafiri safari ndefu kidogo, basi."

Pingu zikalia. Picha za kifungo zikawekwa ukutani. Kufika saa sita, hati ya Halvord ilikuwa imechanwa, na familia sitini na tatu zilikuwa haziendi popote. Kamati iliagiza shimo lizungushiwe askari siku hiyohiyo. Watu walimtafuta yule mhudumu wampe mkono. Hakuwepo. Alikuwa ameshavua aproni, ameshuka ngazi bila haraka, amewasha Boxer na kupotea kwenye bajaji za Nyamagana.

Simu ikamkuta Mkuyuni.

"Gogogo, kazi safi kabisa. Chukua wiki ukapumzike."

"Sasa naweza kusema?"

"Kusema nini?"

"Pemba."

"Aa. Hapana. Sasa ni ushahidi wa mahakamani. Tutatoa tangazo kesi ikiisha. Tukianza kelele sokoni, wakili wake atasema tumewatisha mashahidi."

"Kesi itachukua muda gani?"

"Mwaka. Labda miwili."

"Mimba ni miezi tisa, mzee."

"Hiyo ni amri, Teodora."

Akakata.

Queen alikuwa kibarazani anachambua mchele, miguu kanyoosha, ungo kauegemeza tumboni. Teodora akaketi pembeni yake.

"Umepima?"

"Nimepima jana. Majibu ya hayo madini yako wiki ijayo, wanapeleka mbali. Anacheza lakini, weka mkono." Mtoto akapiga teke. Teodora akauacha mkono pale, macho yakamjaa maji, akayaacha yatoke.

"Pemba hujala tena?"

"Hata kipande! Nimetapika siku mbili kwa ajili yako. Kikopo kitupu, kaangalie."

"Uliitupa wapi? Shimo la taka?"

Queen akacheka. "Kuitupa? Dada, kitu cha mwenye mimba kinatupwaje? Unataka niote chokea jichoni? Niliwapelekea wenzangu kliniki jana. Tulikuwa wengi kwenye benchi, walivyoipokea! Yupo mmoja hajala kitu tangu Jumatatu, alitafuna kipande, akanibusu mkono."

"Wangapi, Queen?"

"Nilihesabu? Kumi. Kumi na wawili." Kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Ulisema nisikuulize. Nikajua umeshaambiwa huko mjini kuwa ni uchafu tu, na kile kipimo nikadhani ni kwa ajili ya mgodi. Kwani ina nini?"

Teodora akamwambia. Alimwambia yote, hapo kibarazani, kwa maneno mafupi. Ungo ulianguka, mchele ukamwagika, na Queen akaushika mdomo wake kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba wenzake wengi wanarudi leo mchana kuchukua majibu ya wingi wa damu.

Kliniki haikuwa mbali. Teodora hakupanda pikipiki. Alitembea katikati ya barabara, wima, na simu ilipoanza kulia mfukoni aliizima bila kuitazama.

Kwenye benchi walikaa wanawake kama ishirini, kadi mikononi, matumbo mbele. Akasimama mbele yao. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kulitaja jina lake mbele ya kundi la watu.

"Jamani, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana. Naitwa Teodora Shimba. Natoka usalama. Jana mdogo wangu aligawa pemba hapa. Nani aliipokea?"

Wakatazamana. Mikono ikainuka, mmoja, mwingine, mwingine tena, wakitabasamu, wakidhani ameleta nyingine.

Msichana wa mwisho kwenye benchi hakuweza kuitikia upesi. Alinyoosha kidole, akiomba asubiriwe kidogo, amalize kutafuna.